Mwaka Propela Ilipogonga

Kwenye msiba wa Mama Mkubwa watu walibishana kuhusu kila kitu: azikwe saa ngapi, nani atangulie kutupa udongo, wali wa waombolezaji uliwe na nyama au na maharage. Jambo moja tu halikuwa na mpinzani. "Marehemu alikuwa na maneno," alisema mama mmoja wa kwaya huku akichambua mchele, na jamvi zima likaitikia kwa kile kicheko cha misibani kinachoanza kama kikohozi. "Ukimwambia umechoka, anamtangazia mumewe kwamba umechoka. Ukiomba maji, anamtangazia mumewe kwamba umeomba maji. Redio!" Wakacheka tena, nami nikacheka, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu msibani anayekataa kucheka huonekana anajifanya alimpenda marehemu kuliko wenzake. Lakini mimi nilijua maneno yale yalikuwa na kazi gani. Nimekula kwa maneno tangu nilipotoka chuoni. Nayaandika, nayafuta, nalipwa kidogo kwa yale yanayobaki, na sijakutana na mtu aliyeyatumikisha vizuri kuliko yeye. Baba Mkubwa alikuwa ametangulia miaka mingi kabla, hivyo hapakuwa na wa kushuhudia. Nikainamisha kichwa juu ya ungo, na badala ya mawe kwenye mchele nikawa nauona mwaka ule wa pikapu.

Mwaka ule chuo kilifungwa. Tulikuwa tumegoma, kwa sababu ambazo wakati ule ningeweza kuzieleza kwa saa nzima bila kupumua na ambazo leo nazikumbuka nusu nusu, tukaambiwa tufungashe virago. Kwa nini nilikwenda kwa Mama Mkubwa, Dodoma, badala ya kwenda nyumbani, hiyo ni habari ya ukoo, na habari za ukoo hazina mlango wa kutokea, tuziruke. Nilishuka na sanduku la vitabu, sketi moja nzuri, na maoni kuhusu kila kitu duniani. Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa na vumbi na viberiti yalikuwa yamejaa redio, mitumba na sabuni zenye harufu ya maua tusiyoyajua. Spea za magari nazo zilikuwa zimeanza kuingia kwa wingi, za kweli na za kufanana na za kweli. Kila kitu kilikuwa kinaingia, isipokuwa mishahara, ambayo ilikuwa inatoka. Baba Mkubwa alikuwa mmoja wa waliotoka. Alikuwa dereva wa serikali, akapunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi, na kwa kiinua mgongo chake akanunua pikapu ya Kijapani iliyokuwa na rangi mbili: nyeupe ya zamani, na kijani cha mtu aliyejaribu kuifanya isionekane ya zamani.

Nyumba yao ilikuwa Chang'ombe, na sebule yake ndiyo chumba ninachokikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyowahi kulala. Makochi yalivikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, vyeupe kabisa, na kati ya makochi palikuwa na tairi. Siku nyingine matairi mawili. Harufu ya grisi ilikaa humo kwa amani na harufu ya mlenda, na jioni upepo ulipovuma kila kitu kilipata safu yake ya vumbi jekundu, kwa usawa. Tulikula chini, ugali wa uwele, mlenda, na maziwa ya mgando siku za neema. Baba Mkubwa alikula kimya, akitazama midomo ya watu. Nilidhani ni heshima ya watu wa zamani. Mama Mkubwa hakunyamaza. Akija shemasi na kusema, "Bwana Ndahani, pampu ya maji imeharibika tena," Mama Mkubwa alimgeukia mumewe kana kwamba habari imeletwa kwa telegramu: "Pampu ya maji imeharibika! Tena!" Ndipo Baba Mkubwa alitikisa kichwa na kusema, "Ah, pampu." Mimi nilikuwa nimesoma, chuoni, makala kuhusu wanawake waliogeuzwa kuwa mwangwi, nikaamua kwamba huyu ni mmoja wao na kwamba Mungu amenileta Dodoma nimkomboe. Siku moja jikoni nikaanza kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa makini.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, Mama Mkubwa."

"Haya. Shika mwiko, huo ugali unashika chini."

Ili mtu aelewe kilichofuata lazima ajue Baba Mkubwa alikuwa nani kazini. Alikuwa sikio. Madereva wenzake walisimulia kwamba akiwa amekaa getini, kabla gari halijakata kona, alikwishasema ni gari la nani na linaumwa wapi. Wakubwa walipotaka kusafiri mbali waliagiza, "Mwiteni Ndahani alisikilize kwanza." Yeye mwenyewe hakujisifu kwa hilo, lakini aliliishi, kama mtu mrefu anavyoishi urefu wake. Nilimsikia jioni moja akimzungumzia mwenzake aliyepumzishwa kwa sababu ya macho. Alisema bila ubaya, akichovya tonge: "Dereva asiyeona, au asiyesikia, huyo ni abiria. Akae nyuma na mizigo." Mama Mkubwa, ambaye hurudia kila kitu, hilo hakulirudia.

Pikapu ilifanya kazi ya zabibu. Msimu wa mavuno tulikwenda Makutupora asubuhi, tukiwabeba nyuma wavunaji, wanawake wengi na vijana wachache, na mchana tukarudi na masanduku ya zabibu yakiwa yamefunikwa magunia mabichi. Mama Mkubwa alikaa mbele pamoja na mumewe kila safari. Nilidhani ni wivu. Mimi nilikaa nyuma na wavunaji na kuwaeleza mambo. Mwanzoni mwa msimu ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza. Gari likiondoka: ko! Baba Mkubwa akiinua mguu kwenye mafuta: ko! Akikanyaga tena: ko! Mlio wa chuma, chini kabisa ya sakafu, kama mtu aliyefungiwa humo anayebisha hodi kwa adabu. Wavunaji walitazamana. Mimi nilitazama kupitia kioo cha nyuma, nikaona Baba Mkubwa anapiga mluzi, wimbo wa kanisani uliopinda kidogo, na Mama Mkubwa ameukaza uso mbele kama anayepigwa picha ya pasipoti.

"Gari linagonga," nilimwambia jikoni.

"Nimesikia."

"Sasa mbona Baba Mkubwa hasemi kitu? Yeye si ndiye anayesikia magari?"

"Anaijua gari yake." Kisha, baada ya kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu: "Na wewe usimwambie. Umenielewa? Usimwambie."

Nilielewa visivyo. Nilidhani hawana uwezo wa kuitengeneza na wanaona haya, na nikampa nadharia yangu kwamba kugonga kule ni matokeo ya masharti ya wafadhili, kwamba nchi nzima inagonga hivyo kila inapobadilishiwa mwendo. Nilikuwa nimeipenda sana sentensi hiyo. Akaniambia nikachote maji.

Haukupita muda pikapu ikaanza na kutetemeka. Hilo Baba Mkubwa alilijua siku ileile, kabla yetu. Alirudi akiwa amekunja uso, akasema usukani unamcheza mikononi na kiti kinamtekenya, na bila shaka ni tairi. Hapo ndipo sebule ilipojaa. Alitoa ya mbele akaweka nyuma, akatoa ya nyuma akaileta ndani ilale usingizi. Aliviringisha tairi uani huku amefumba jicho moja, kama fundi cherehani anayetafuta pindo lililopinda. Aliazima tairi la jirani, akalirudisha. Mama Mkubwa alikalia tairi akimenya vitunguu na kusema, "Labda, labda ni tairi," na uso wake ukawa na uchovu ambao sikuwa nimeuona hata siku za mavuno. Gari liliendelea kutetemeka, na chini ya kutetemeka, ko, ko, mlio ambao kila mtu Chang'ombe aliusikia isipokuwa mtu aliyekuwa sikio.

Leo naona jinsi ambavyo jibu lilikuwa limekaa pale kati ya makochi, la mviringo na jeusi, na sisi tunaliruka kwenda kula. Mtu anayesikia mlio ule hawezi kuhangaika na matairi. Tairi halibishi hodi. Lakini kwa mtu ambaye gari linamfikia kupitia matako na viganja tu, kutetemeka ndiyo habari yote iliyopo, na tairi ni dhana ya heshima kabisa.

Aliyeliona alikuwa Fundi Maganga, Mnyamwezi mwenye tumbo na sauti, aliyekuwa na gereji ya uwanja wa wazi kule Kizota na imani kwamba kati ya Tabora na bahari hakuna fundi mwingine. Yeye na Baba Mkubwa walikuwa watani, kama walivyo Wanyamwezi na Wagogo wote, na utani wao ulikuwa na njia yake iliyokwanguliwa na miaka. Maganga aliingia uani bila hodi akipaza sauti, "Mgogo! Nyumba yako bado haijaota paa?" maana nyumba ya asili ya Wagogo paa lake ni bapa, la udongo. Na Baba Mkubwa alijibu, "Paa la nini, wakati mvua yenyewe inaogopa kuja? Tua mzigo, mbeba mizigo, unywe maji." Hilo la mizigo lilikuwa la babu zake Maganga, waliopita Ugogo na misafara. Walisema hivyo kila walipokutana, na kila walipokutana walicheka kana kwamba limezaliwa muda uleule.

Siku hiyo Maganga aliisikia pikapu ikikata kona. Alipofika hakuanza na paa. Alisema, "Krosi hiyo."

"Tairi," alisema Baba Mkubwa, aliyekuwa ameona anachotazama.

"Tairi, tairi! Tairi ndiyo inakugongea namna hiyo? Msomi, njoo hapa, wewe ni shahidi." Msomi nilikuwa mimi. Alinionyesha, akiwa amechuchumaa, fimbo nene ya chuma inayopita chini ya gari kutoka kwenye giaboksi mpaka kwenye ekseli ya nyuma. Hiyo ndiyo propela. Injini ikizunguka, propela inapeleka nguvu kwenye magurudumu. Kila mwisho wake una kiungo kinachoiruhusu kupinda, kama kifundo cha mkono, na kiungo hicho ndicho krosi. Kikilika, kinapata nafasi ya kucheza, na kila nguvu inapokuja au kuondoka kinagonga. "Kwenye vumbi kila gari linatetemeka," alisema Maganga, "kwa hiyo kila dereva wa Dodoma ni mwongo. Ukweli wa gari uko kwenye lami. Twende."

Tukaenda barabara ya Morogoro, Baba Mkubwa na Mama Mkubwa mbele, mimi na Maganga nyuma. Maganga alilaza shavu lake kwenye bati, mtu mzima na tumbo lake, macho yamefumbwa kama anayesali. Alikuwa amemwagiza Baba Mkubwa kabla hatujaondoka: ongeza mwendo, kisha kanyaga klachi uliache liserereke. Lilipoongeza mwendo lilitetemeka. Liliposerereka, injini ikiwa imepumzika, likaendelea kutetemeka, na Maganga akainua kidole: basi si injini, ni kinachozunguka na magurudumu. Na kila nguvu ilipokuja au kuondoka, ko. Akaridhika. Akagonga paa kwa mafundo ya vidole na kuita, "Simama! Inatosha! Simama, Mgogo!" Gari likaenda. Akaita tena, kwa sauti iliyowashtua ng'ombe kando ya barabara. Gari likaenda. Kisha nikaona, kupitia kioo, mkono wa Mama Mkubwa ukimgusa mumewe mkononi, kidogo tu, kama mtu anayeondoa sisimizi. Gari likasimama. Njia nzima ya kurudi Maganga alikitazama kisogo cha Baba Mkubwa kupitia kioo.

Tulipofika uani alitangulia kushuka, akamsubiri Baba Mkubwa azime gari, akamwendea kwa uso wa siku zote, mikono kiunoni, akapaza sauti ileile ya siku zote. Lakini maneno yalikuwa mapya. "Mgogo! Mbuzi wako wamo shambani kwa mchungaji, wanamaliza mtama!"

Baba Mkubwa akatabasamu. "Paa la nini," alisema, "wakati mvua yenyewe inaogopa kuja? Tua mzigo, mbeba mizigo, unywe maji."

Akacheka. Maganga naye akacheka, ilimbidi, na sijawahi kuona mtu akicheka na macho yakiwa hivyo. Mama Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la maji ya kunawa. "Shemeji," alimwambia Maganga polepole, "karibu chakula," na katika hilo karibu palikuwa na ombi ambalo hata mimi, na vitabu vyangu vyote, nililisikia.

Hakula. Alinivuta nyuma ya pikapu. "Gari nimelijua na dereva nimemjua," alisema. "Tangu lini?"

"Sijui. Sikuwa najua mpaka sasa hivi."

"Nimekuwa nikitaniana na mtu anayenijibu kwa kukariri. Miezi! Mwaka, labda. Nami najiona mchekeshaji." Akafuta uso kwa kitambaa cha grisi na kuuharibu zaidi. "Sikiliza, msomi. Krosi ile ya mbele ikikatika njiani, propela inaanguka, inachoma ardhi, gari linapiga sarakasi. Mnabeba akina mama nyuma. Siwezi kumbadilishia kimyakimya akaendelea kudhani ni tairi. Kesho itagonga nyingine naye atanunua tairi jipya. Lazima ajue. Lakini nikimwambia Ndahani kwamba hasikii, nimemwua."

"Si wewe ni mtani wake? Mtani anaruhusiwa kusema lolote."

"Ndiyo kazi yenyewe," alisema. "Lakini mtani anasema kwa mdomo. Nitamtania vipi mtu asiyesikia utani?"

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi kuliko maswali yote niliyoulizwa kwenye mitihani. Maganga alilijibu kwa jeki. Aliinua pikapu, akazuia magurudumu kwa mawe, akaweka magogo ya kuibeba, akalala chini yake, kisha akatoa mkono na kumwita Baba Mkubwa kwa kidole. Baba Mkubwa alivua shati, akalikunja, akampa mkewe, akaingia. Nilichuchumaa nikaona. Maganga alishika mikono ya rafiki yake, akauweka mmoja kwenye propela na mwingine kwenye kipande cha upande wa pili wa krosi, akaizungusha huku na kule kama anayekamua nguo. Ko. Mlio mdogo. Tena, ko. Kisha akaondoa mikono yake, akamwacha Baba Mkubwa afanye peke yake. Alifanya. Akafanya tena. Alikaa chini ya gari muda mrefu, akikamua chuma kile, na kila kilipogonga kope zake zilicheza, kwa sababu sasa alikuwa anakisikia, kwenye mifupa ya mikono.

Alipotoka nywele zilikuwa nyekundu kwa vumbi. Hakumtazama Maganga. Alimtazama mkewe.

"Mama Yona. Hii inagonga."

"Inagonga," alisema Mama Mkubwa, akiwa amemwelekezea uso wote.

"Tangu lini?"

"Tangu zabibu za kwanza."

Akatazama viganja vyake. "Na kabla ya hii? Kitu gani kingine kimepita sijakisikia?"

Mama Mkubwa alikuwa amelikumbatia shati lake lililokunjwa. "Hakuna," alisema. "Vingine vyote nimekuambia."

Nimesimama kwenye majukwaa nikazungumzia lugha, nimetaja wataalamu, nimepigiwa makofi ya wastani. Sijasema wala sijasikia chochote kinachofikia jibu lile. Shikamoo za wageni, pampu ya shemasi, mahubiri aliyomrudishia njiani tukitoka kanisani huku mimi nikitembea nyuma yao na kuona aibu, bei za sokoni, vifo, mzaha wa majirani, hata mimi kuomba chumvi: vyote alikuwa amevibeba kwa mkono na kuvifikisha, na kulipwa jina la mwenye maneno. Na yeye Baba Mkubwa alijua, kwa kiasi gani sikuthubutu kuuliza, naye alikuwa akivipokea bila kuangalia mikono inayoleta. Mlio wa propela tu ndio uliomshinda kuufikisha. Angeusemaje? Mengine yote yalikuwa habari za watu. Huo ungekuwa habari zake mwenyewe.

Siku zilizofuata hakuendesha. Alikaa sebuleni kati ya matairi, amevaa shati la kazini lenye mifuko miwili, kama mtu anayesubiri kuitwa. Wavunaji walikwenda na gari jingine. Mama Mkubwa alipunguza maneno, na nyumba ikawa tupu kwa namna isiyovumilika, nilijikuta mimi ndiye natangaza, "Shemasi anasema amekuja kukuona!" Baba Mkubwa alinitazama kwa upole akasema, "Nimemwona, mwanangu. Ni mnene."

Maganga alibadilisha krosi. Ili kuitoa ilibidi aifungue propela yenyewe, iliyo na vipande viwili vinavyoingiana, na alipomaliza alifanya sherehe. Aliendesha mbele na nyuma uani: kimya. Alikanyaga na kuachia: kimya. Nilipiga makofi. Mama Mkubwa alisema asante Yesu. "Mgogo, panda uone kazi!" Baba Mkubwa hakutaka. Mama Mkubwa akamshika mkono akampandisha kama bwana harusi, upande wa abiria, naye akabanana kati yao. Mimi nyuma, mahali pangu. Tukaenda mpaka kwenye lami, Maganga akiendesha na kuimba, na sisi watatu wenye masikio tukiusikiliza ule ukimya kwa furaha kubwa kiasi kwamba hatukuhisi kitu kingine chochote. Baba Mkubwa alikuwa ameweka kiganja kwenye dashibodi. Mwendo ulipopanda, akakibonyeza zaidi. Kioo cha nyuma kilikuwa wazi, nikamsikia.

"Bado."

"Bado nini? Kimya kabisa! Mwambie, shemeji. Hakuna hata..."

"Anasema kimya kabisa," alisema Mama Mkubwa.

"Kimya sikijui. Inatetemeka. Punguza. Hapo imeacha. Ongeza. Hapo. Umeona? Inakuja na mwendo." Alikuwa amefumba macho. "Umeifunga vibaya."

Maganga alisimamisha gari kando, akatukana kwa Kinyamwezi, akaingia chini. Ile propela ya vipande viwili lazima irudishiwe kama ilivyokuwa, uma unaoshika krosi ya mwisho mmoja ukilingana na uma wa mwisho wa pili; ukikosea meno machache tu pale vipande vinapoingiana, haigongi, lakini inazunguka kama mlevi, na gari zima linajua. Maganga hakuwa ameweka alama alipoifungua. Alitoka akiwa na sura ya mtu aliyekutwa na mwalimu.

Baba Mkubwa alikuwa ameshuka, anamsubiri. "Babu zako," alisema, na sauti ilikuwa ya utani lakini maneno sikuwahi kuyasikia kabla, wala Maganga, "walibeba mizigo mpaka baharini isidondoke hata shanga. Wewe umepewa mmoja, umeufunga nyuma mbele."

Maganga alikaa chini pale pale, kwenye kokoto, akacheka mpaka machozi yakachora njia kwenye grisi. Kisha akainuka, akasimama mbele ya mwenzake ili mdomo wake uonekane, akasema polepole, neno moja moja: "Mgogo. Mbuzi wako wamo shambani kwa mchungaji."

"Waache," alisema Baba Mkubwa. "Mchungaji anakula wa kwangu kila Krismasi."

Alirudi nyumbani akiwa kwenye usukani. Baada ya propela kufungwa sawasawa, asubuhi moja ya mwisho wa msimu, tulikwenda tena Makutupora. Wavunaji walikuwa wanasubiri kando ya mizabibu, na msimamizi wao, Mrangi mmoja mwenye kofia ya sufi, alikuja kutusalimu. Baba Mkubwa alishuka kabla hajafika. Aliwakusanya wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akavua kofia yake.

"Mimi sisikii vizuri," alisema. "Kuanzia leo mkitaka nisimame msinipigie kelele. Pigeni bodi kwa kiganja, hivi. Nitajua."

Msimamizi akauliza kitu. Mama Mkubwa akafungua kinywa, na Baba Mkubwa akainua mkono kidogo, bila ukali. "Nimeuona mdomo wake. Ameuliza tangu lini. Tangu zamani."

"Kumbe!" alisema binti mmoja kutoka kwenye kundi. "Na sisi tulikuwa tunakusengenya kwa kunong'ona, tunajichosha bure!"

Wakacheka, kisha wakaogopa kwamba wamecheka, na Baba Mkubwa akamgeukia mkewe: "Amesemaje huyo?" Akaambiwa. Alicheka kuliko wote. Asubuhi nzima ile wanawake walipiga bodi, kwa sababu na bila sababu, na kila mara aliinua mkono dirishani.

Tulirudi mchana na masanduku. Mimi nilikaa juu ya magunia mabichi, nimeegemea kioo, zabibu zikinukia chini yangu. Gari lilikwenda laini. Kabla hatujafika mbali kichwa cha Mama Mkubwa kilianza kuinama, kikashtuka, kikainama tena. Katika safari zote sikuwahi kumwona akisinzia humo ndani; sasa nilielewa kwamba hakuwa na ruhusa. Alikuwa kwenye zamu. Alipambana kidogo, kama mlinzi ambaye hajaamini kwamba amekuja mwingine, kisha akaachia, na kichwa chake kikatua kwenye bega la kushoto la mumewe, la mkono anaobadilishia gia. Baba Mkubwa hakugeuka. Mbele yetu barabara ilianza kupanda. Injini ikalemewa, ikaanza kuunguruma na kukwama kwa mzigo, na mtu yeyote angeshusha gia. Niliuona mkono wake wa kulia ukiwa umetandazwa kwenye usukani, unahisi kila kitu. Alijua. Akauacha ule wa kushoto hapo ulipokuwa, tukapanda hivyohivyo, polepole, mpaka juu.